Mate Juu ya Jiwe

Gavri alikuwa amekwisha kulamba kidole chake kabla hajakumbuka yuko wapi. Akakipitisha juu ya bamba jeupe lililosimamishwa mbele yake, taratibu, toka juu kwenda chini, kisha akainamisha kichwa upande kutazama unyevu ule utaamsha rangi gani. Ndivyo alivyokuwa akifanya marehemu mumewe. Ndivyo walivyofanya wote katika ukoo ule wa wapasua mawe wa Makrana. Huligusi jiwe kwa patasi kabla hujalitia mate ukaiona mishipa yake inavyokwenda.

"Mama! Mama, samahani, hapana!"

Kijana wa duka alikuja mbio na kitambaa na chupa ya dawa. Akapuliza, akafuta, akapuliza tena, akafuta tena mpaka ikawa kama mchezo. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua masinki upande wa pili waligeuka kutazama. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, mwenzake akaziba mdomo kwa pindo la sari.

"Hili halitaki mate, mama," kijana alisema, kwa ile sauti anayosemeshwa mtoto mdogo. "Hili ni jiwe la kiwandani. Unga wa mawe na gundi, tunakandamiza, halafu mashine inachapa mishipa juu. Unavyoliona ndivyo lilivyo. Lilowe, likauke, halibadiliki."

"Najua," alisema Gavri.

Hakujua lolote. Alikificha kidole chake ndani ya ngumi, na ngumi ndani ya mtandio. Hewani palikuwa na harufu ya ile dawa, kali na tamu, kama ya hospitali. Kando yake Hemlata, mkamwana wake aliyekuwa mwalimu wa shule, alikuwa ameinamia vigae vya sakafuni kama aliyedondosha kipini cha pua.

Nyumba ilikuwa imebakiza jiko na bafu tu. Mangilal, mwanawe Gavri, aliijenga kwa jasho la kuendesha malori ya mawe, na asubuhi ile aliwashusha wawili hawa mlangoni pa duka na kuwaambia, "Chagueni wenyewe, mimi mawe nimeyachoka." Njia nzima Gavri alikuwa akijisifu. Mume kapasua mawe, baba mkwe kapasua mawe, nani wa kumdanganya yeye mbele ya jiwe? Hemlata alikuwa akicheka na kuitikia, "Haya, fundi wangu."

Sasa hakuna aliyekuwa akicheka.

"Mama, lile jeusi kule nyuma je?" Hemlata aliuliza polepole. "Lile la mlimani, la Jalore. Unatua sufuria, unakatia vitunguu, unamwaga ndimu, lenyewe halina habari. Mimi lingenitosha."

Gavri alilitazama. Jeusi, zito, limelala nyuma ya mengine kama nyati. Lilimkumbusha jiko lake la zamani nyuma ya kibanda cha misumeno ya mawe, pale alipopikia akiwa amechuchumaa miaka yote, masizi mpaka kwenye nyusi. Kisha akamkumbuka Sugni, mke wa shemeji yake mkubwa, ambaye siku ya kuingia nyumbani atakuja kukagua kila kona na kusema chochote kinachomjia mdomoni.

"Jeusi ni la ngazi za benki," alisema. Akamgeukia kijana. "Watu wa Jaipur wanachukua lipi?"

"Hilo hilo lililo mbele yako, mama. Jeupe, mishipa ya dhahabu. Ngoja nikuonyeshe lenzake."

Akalivuta bamba la pili kwenye reli zake, likasimama sambamba na la kwanza. Hapo ndipo Gavri alipomwona. Katika bamba la kwanza, mishipa ilipokutana karibu na pembe, ilifanya umbo la korongo aliyekunja shingo na kuinua mguu mmoja. Katika bamba la pili alikuwapo korongo yuleyule, pembe ileile, mguu uleule juu.

Mdomo wake ukafunguka. Alijua alichokiona, hakuna mlima uliowahi kumpa mumewe mawe mawili yanayofanana hivyo. Ilikuwa ni kunyoosha kidole tu na kuyakataa. Lakini kidole chenyewe bado kilikuwa kimefichwa, na wale wanawake wa masinki walikuwa hawajaondoka, na akaona kabisa jinsi watakavyogeuka tena kumsikiliza yule mama wa mate.

Akafunga mdomo.

"Hili," alisema. "Jikoni na bafuni."

Hemlata alimtazama, akatazama lile jeusi mara moja tu, kisha akamwambia kijana, "Mama ndiye mwenye jiko. Andika."

"Mmechagua vizuri," alisema kijana. "Jambo moja tu: msiweke juu yake chombo kilichotoka motoni. Gundi inaungua, na ikiungua haisafishiki."

"Najua," alisema Gavri.

*

Siku ya kuingia nyumbani, Hemlata na mumewe walichemsha maziwa kwenye jiko jipya, nyuso zao mashariki, wakayaacha yapande, yapande, mpaka yakamwagika pande zote za sufuria, na wanawake wakaimba. Gavri aliimba kutoka mlangoni. Mjane hasogelei maziwa ya baraka, na yeye hakutaka mtu amkumbushe.

Kabla wageni wengine hawajafika alikuwa na shughuli nyingine. Mafundi walipoyafunga yale mabamba, korongo mmoja aliangukia jikoni karibu na dirisha, wa pili bafuni kando ya sinki. Kila alipopita Gavri alihisi wanamtazama. Yule wa bafuni alimfunika kwa taulo jipya jekundu. Yule wa jikoni alimwacha, kwani korongo mmoja peke yake ni pambo tu, si ushahidi kwamba jiwe ni la kiwandani.

Halafu akafunga mtandio kiunoni, akaanza kukaanga puri, vile vimkate vya ngano. Hapa palikuwa pake. Puri zilifura moja baada ya moja, naye akazigeuza na kuziopoa bila kutazama, huku sikio likiwa sebuleni. Alimsikia Bhuraram, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, akiingia na kikohozi chake cha vumbi. Alimsikia mama mzazi wa Hemlata akikaribishwa, mwanamke mpole aliyetoka kijiji cha mbali, ambaye hata chai alikuwa akiinywa kana kwamba anaomba radhi.

"Mama! Ngano tamu inashika chini!" Mangilal alipaza sauti kutoka uani.

Sufuria ya ngano ilihitaji moto mdogo, na moto mdogo ulikuwa umekaliwa na karai. Gavri alilishika karai masikio mawili kwa ncha za mtandio, akaliinua na mafuta yake yanayofuka, akalitua kando. Mikono ilifanya yenyewe. Miaka yote ililitua palepale, mkono wa kushoto, juu ya jiwe jeusi la jiko lake la zamani, ambalo halikuwahi kulalamika.

Jiwe hili lililalamika. Likatoa mlio mdogo, kama punje ya bisi chini ya kifuniko, na harufu ya bangili ya plastiki iliyotupwa motoni.

Aliliinua karai upesi, akalitua sakafuni. Lilikuwa limeacha duara la hudhurungi, limemkata korongo shingoni. Alisugua kwa mtandio. Alisugua kwa ukucha. Kisha akalivuta sinia la ladu, vile vitonge vya unga na sukari, akaliweka juu ya lile duara, akasimama mbele yake kama askari wa zamu.

Hemlata aliingia kuchukua vikombe. Akanusa. Akalitazama karai lililokuwa sakafuni, akamtazama mama mkwe wake, akaliinua sinia upande mmoja kwa kidole, akachungulia, akalirudisha taratibu bila kuligonga. Akavihesabu vikombe kwa sauti ya chini, akatoka. Gavri angependa agombezwe.

"Gavri, wee! Taulo lako linachuja rangi, ona mikono yangu!"

Sugni alikuwa ametoka bafuni, viganja vyekundu kama vya bibi harusi. Akaingia jikoni mzimamzima, macho yakitangulia. Nyuma yake Bhuraram, mumewe, alikuja na glasi yake ya chai, akasimama mlangoni kuliona jiko la mtoto wa ndugu yake. Gavri alipomwona tu akaushusha mtandio usoni hadi kidevuni. Tangu aolewe hakuwahi kumsemesha shemeji huyu neno la moja kwa moja. Likiwepo la kusema, humwambia mtu mwingine, na shemeji husikia.

"Na huko bafuni mmemficha ndege mzuri hivyo kwa nini?" Sugni aliendelea. "Korongo! Nimetoa taulo nikasema, haya, ameingia mlango gani huyu? Hebu nipe ladu kwanza."

Akalivuta sinia.

Chai ikaacha kunywewa. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka sebuleni hadi jikoni hapakuwa na pazia.

"Yuu! Na mwenzake kachomwa shingo! Jiwe jipya, hata siku haijazama! Nani kafanya hivi?"

Gavri alitazama kupitia mtandio. Kupitia kitambaa kile watu wote walikuwa rangi moja, rangi ya udongo.

"Ni mimi, mama mkubwa," alisema Hemlata. Alikuwa amesimama na vikombe kifuani. "Nilisahau nikaweka karai."

"Ah, msomi wetu!" Sugni alipiga kofi, ladu mkononi. "Kazi kuandika ubaoni, karai hajui linawekwa wapi! Mwenzenu nilipoolewa nilikuwa najua kukaanga kabla sijajua kuhesabu. Huko kwenu mama yako alikufundisha nini, mwanangu? Au alikukabidhi hivyohivyo, mikono mitupu?"

Baadhi walicheka, kwa vile Sugni akisema huwa wanacheka. Sebuleni, yule mama wa kijiji cha mbali aliishusha glasi yake mkekani. Aliishusha kwa uangalifu mkubwa sana, kama kitu cha watu. Kisha akavuta mtandio wake mbele, akainamisha kichwa, akawa mdogo pale alipokaa.

Gavri aliiona ile glasi ikitua. Ndani ya ngumi yake kidole kilikuwa kimejificha tena, kama siku ile dukani, na alijua kwamba akinyamaza kidogo tu zaidi, hata kwa muda wa kumeza mate, jambo litapita. Watu watahamia kwenye chakula. Hemlata hatasema kamwe, leo wala kesho. Kila asubuhi atalifuta duara lile, atapika, atampa mama mkwe wake chai kwa mikono miwili.

"Mkamwana," alisema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Sugni akaacha kutafuna.

"Mkamwana, mwambie baba yako mkubwa, karai nimeliweka mimi."

"Mama, basi…"

"Mwambie. Na mwambie jiwe nimelichagua mimi. Wewe ulitaka lile jeusi, nikalitukana. Kijana wa duka alisema kitu cha moto hapana, nikajibu najua." Alivuta pumzi, na mtandio ukamganda mdomoni. "Na mwambie huyu korongo na yule wa bafuni niliwaona wote wawili mle dukani, wamesimama bega kwa bega. Nilijua si la mlimani. Nikaona haya kusema. Mama yako wewe hana kosa. Mtu akitaka kuuliza nani hakufunzwa, aniulize mimi."

Hemlata aligeuka kumwelekea mzee ili apeleke maneno kama ilivyo desturi. Kilichotoka ni, "Baba mkubwa… umesikia."

"Nimesikia," alisema Bhuraram.

"Kwani mimi nimesema nini?" Sugni aliuliza. "Mtu hawezi kutania siku hizi?" Akatazama viganja vyake vyekundu, akaanza kuvifuta kwenye sketi.

Gavri alinyoosha mkono, akalisukuma sinia la ladu mbali kabisa, hadi ukutani. Duara likabaki peupe, na dirisha likalimwagia jua lote. Alingoja. Nyuma ya mtandio uso ulikuwa ukimwaka kama aliyeinamia jiko.

Mzee aliingia. Alitafuta mahali pa kuweka glasi yake ya chai, akalitazama lile bamba jeupe, akaona afadhali aishike tu kwa mkono wa kushoto. Akasogea hadi dirishani. Alikuwa na mabega ya mdogo wake, na shingo ile ile iliyokaa mbele kidogo kwa kuinamia mawe. Akamtazama korongo kwa muda. Akakitia kidole cha shahada mdomoni, akakilamba, akakipitisha juu ya duara lile, toka juu kwenda chini, akainamisha kichwa upande.

Wote jikoni wakainamisha vichwa pamoja naye. Hata mama yake Hemlata alikuwa amenyanyuka, amesimama mlangoni, mtandio ameusogeza kidogo kwa vidole viwili apate kuona.

Mate yalikaa pale juu yakimeta. Hakuna aliyekwenda kuchukua kitambaa.