Shubiri Moja Chini

...na nondo imegota palepale tena, shubiri moja, haizidi hata kidole, ameisukuma kwa mikono, ameiegemea kwa kifua na uzito wote aliojaliwa, si haba, lakini wapi, chuma kimesimama tu katikati ya shamba kama mgeni aliyenyimwa kiti, na nyuma yake trekta linanguruma, dereva anapaza sauti, “Shangazi, nishushe?”, anaulizia ripa, yale meno mawili marefu yaliyoning'inia nyuma, aliyoyaleta kupasua chini kule ambako plau haijawahi kufika, ngoja, anamwonyesha kiganja, ngoja kwanza... hili bua la msimu uliopita alilong'oa sasa hivi, mbona mzizi wake umeteremka shubiri moja kisha ukakunja kona, ukatambaa kando, wote umelala bapa kama mkeka, haukuthubutu kwenda chini, kwa hiyo mahindi yalikuwa na kiu, maskini, maji yalituama juu wiki nzima, jua lilipowaka yakakauka, na unyevu ulioko chini hayakuufikia, yakaishia kimo cha goti, manjano, kama yale ya msimu wa kabla yake, na yeye wakati ule akasema nini? Alisema ni mdogo wake. Mbele ya mashemeji, sahani zikiwa bado mezani, “Mvivu wewe, umepalilia kwa macho!”, na ndugu yake wa tumbo moja alikwenda akaliegemeza jembe ukutani, polepole, kama anayelaza mtoto, akaondoka, misimu miwili sasa, salamu zinapitia kwa watu... “Shangazi! Nina mashamba matatu yananingoja, nikitoka hapa leo sirudi kabla ya wiki mbili!”... Wiki mbili, jirani atakuwa ameshapanda, na yeye hajawahi kutanguliwa kupanda, miaka sita mfululizo wa kwanza yeye, mvua ikinyesha usiku asubuhi plau iko shambani, kina kilekile kila mwaka, magurudumu yakididimia kwenye tope, na nani alikuwa amesimama pale ukingoni akipunga kanga, twende, twende? Si mdogo wake. Mdogo wake alikuwa amechuchumaa, ameokota udongo wa chini, anauviringisha viganjani, “Dada, ukitoka kamba ni mbichi mno kwa trekta, tusubiri, tutaushindilia,” naye akacheka mpaka akashika mbavu, “Umekuwa mfinyanzi siku hizi?”, lo, ulimi huu... anapiga magoti, magoti yanalia, anachimba kwa kisu pembeni ya nondo, juu tifutifu, kisha kisu kinakwaruza tabaka gumu lililoizuia nondo, kama kifuniko, anakichokoa, anapenya, anatoa donge la chini yake, ni baridi, mvua ya juzi haikufika huku, huu ni unyevu wa zamani uliofungiwa, anauviringisha, hajui hata anafanyaje, anaiga tu mikono aliyoicheka... kamba. Nyembamba kama kalamu, haikatiki. Mbichi. Hata ripa leo ingepita kama kisu kwenye sabuni, ingeacha mfereji na kuta laini, kifuniko kingebaki kifuniko, maana kinachopasuka ni kikavu, hilo naye alilisema, alisema yote yule mtoto, na ni nani aliyekanyaga ardhi hii ikawa sakafu, ni mimi, jamani, ni mimi, anajisikia akilisema bila sauti, aibu inamuwasha masikioni, na cha ajabu ni kwamba ndani ya aibu hiyo kuna nafuu, shamba si bovu, mbegu si mbovu, mdogo wake si mvivu... atampigia simu, atamwambia nini, samahani ni neno fupi mno kwa misimu miwili, atamwambia njoo uone mzizi, njoo na mikono yako, jirani na apande, apande hata kesho... trekta bado linanguruma, nondo bado imesimama, kamba ya udongo imelala kiganjani nzima, na dereva, mkono kwenye wenzo, anaita mara ya tatu, “Shangazi, nishushe?”, naye anafungua kinywa, na maneno yanayokuja ulimini anayajua, ni ya mtu mwingine, tusubiri, tutaushindilia...