Unga wa Jalada la Ishirini na Tatu

Kila Jumatatu ya kwanza ya Januari, Wandera alizipanga hataza za kampuni juu ya meza ya mikutano, kila moja ndani ya jalada lake. Hataza ni cheti cha serikali kinachosema mashine fulani ni ya fulani na mwingine asiitengeneze. Kampuni yenyewe ilikuwa Luzira ya Kampala, ikiunda mashine za shambani, na kazi ya Wandera ilikuwa kumshauri mkurugenzi ni cheti kipi kinaisaidia biashara. Kinachosaidia kilibandikwa karatasi ya kijani na kuhuishwa. Kinachoweza kukodishwa kwa kampuni nyingine kilibandikwa ya manjano. Kisichofaa kilibandikwa nyekundu, kikaachwa kife.

Jalada namba saba lilikuwa lake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na cheti cha mashine ya kumenya karanga aliyoibuni alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kyambogo, na ambayo haikuwahi kuuzwa hata moja. Kwa miaka minane mfululizo Wandera aliibandua nyekundu akabandika manjano, kabla mkurugenzi hajamaliza chai yake.

Mwaka huo wa 2008, jalada namba ishirini na tatu lilikuwa likitoa unga. Lilikuwa la Anena, fundi wa kike wa kampuni, mchomeleaji vyuma aliyetoka Katwe, mtaa wa mafundi. Alikuwa amebuni kinu cha kusagia wimbi kinachoendeshwa kwa pedali za baiskeli, na alikibuni kwa ajili ya mama yake, Lamunu, aliyerudi kijijini karibu na Gulu, kaskazini, baada ya miaka kumi katika kambi ya waliokimbia vita na bado akisaga juu ya jiwe ingawa magoti yalikuwa yamemwisha. Tangu siku cheti kilipofika, jina la Anena likiwa kwenye mstari wa mvumbuzi, Vera wa mapokezi alikuta unga kabatini kila asubuhi, vikombe vitatu hivi, laini, ungali vuguvugu. Alileta chekeche kutoka nyumbani. Saa nne wafanyakazi walikunywa uji badala ya chai, na malalamiko yaliyosikika yalihusu sukari tu.

Wandera naye alikunywa. Uji ulikuwa mtamu, na hapo ndipo ulipomuuma. Wenzake walipotoka kwenda kula chakula cha mchana, alilitoa jalada namba saba, akaligeuza juu chini, akalikung'uta. Ilidondoka pini. Aliiokota akairudisha mahali pake, huku akimfikiria Anena, ambaye Kyambogo aliingia mara moja tu, kutengeneza geti.

"Ishirini na tatu ni kijani," Madam Loice, mkurugenzi, alisema mkutanoni. "Tunafungua karakana Gulu. Mwenye kinu ndiye ataenda kuisimamia. Na hii saba yako, Wandera, tuiache ife. Sawa?"

"Sawa, Madam."

Gulu Wandera hakuitaka hata kidogo. Alikuwa na nyumba inayotazama ziwa na mke asiyependa vumbi. Alichotaka ni Anena asiipate. Kwa wivu huo, alasiri hiyo akajaza fomu ya kurekebisha jina la mvumbuzi, aandikwe yeye.

Sababu aliyoiandika haikuwa uongo mtupu. Mafundi wa Katwe hawachori kwenye karatasi. Huchora kwa chaki sakafuni, mashine nzima kwa ukubwa wake, kisha hukata vyuma wakivipima juu ya mistari. Anena alichora hivyo. Wandera ndiye aliyepiga magoti na rula, akaihamishia michoro kwenye karatasi.

Cheti kipya kilirudi Machi. Asubuhi hiyo kabatini hamkuwa na unga, na Anena akaja ofisini na miwani ya kuchomelea kichwani.

"Bosi, jina yangu imeenda wapi?"

"Anaandikwa aliyechora, Anena."

"Si mimi nilichora? Hapa chini, na chaki. Watu yote waliona."

"Hapa chini wapi? Nionyeshe."

Waliitazama sakafu ya karakana kupitia mlangoni. Ilikuwa imepigwa deki kila Jumamosi kwa miezi tisa.

"Mama ananingoja," Anena alisema. "Nilimwambia nakuja na kinu, nakaa na yeye."

Madam Loice aliwasikiliza wote wawili. Akasema wateja wameshaagiza, na kampuni ikianza kubishania jina, washindani watapata mwanya wa kuivunja hataza yenyewe. "Mchango wako tunaujua, mama," alimwambia Anena. "Hapa ndani sisi wote tunaujua."

Siku iliyofuata unga ulitoka kwenye daftari la mahudhurio, kwenye mstari aliotia saini Anena. Vera alihamisha chekeche. Madam Loice aliukuta mezani, akaupangusa kwa kidole, akaagiza daftari liwekwe ndani ya beseni.

Wandera alikwenda Gulu kusimamia karakana. Vinu vilitoka na kibati chenye jina lake. Kila Ijumaa basi la Kampala lilileta kutoka kwa Anena mfuko wa unga ulioandikwa Lamunu, kwa anwani ya karakana, maana anwani nyingine hakuwa nayo, na Wandera ndiye aliyeupokea na kutia saini.

Lamunu alikuja kuuchukua kwa bodaboda. Alikuwa mjane wa askari, na Kiswahili alikijua tangu kambi za jeshi.

"Wewe ndiyo ulitengeneza hii kinu, mtoto yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu akubariki. Anena alisema anakuja. Labda kazi ni mingi."

"Kazi ni nyingi, mama."

Mama akafungua mfuko, akachota kiganja kimoja cha unga kumshukuru. Wandera aliupokea kwa mikono miwili. Mama alipoondoka, Wandera alilitoa jalada namba saba, ambalo lilikuwa limekufa na ambalo alikuja nalo kutoka Kampala, akaumimina ndani taratibu, akalifunga.

Asubuhi alilifungua kabla hajavua koti. Unga ulikuwemo, kiganja kilekile kimoja, na ulikuwa umepoa.