Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Mwaka 1953 gari la sinema la serikali lilikuja Temeke Jumamosi tatu mfululizo, na mara zote tatu lilituonyesha picha ile ile. Watu hawakulalamika. Ilikuwa picha ya ndugu wawili wanaogombea shamba, na kila mtu alikuwa na lake la kusema juu yake.

Sisi tuliijadili kwa Chausiku. Alikuwa mke wa Bakari, mwenzangu wa darasa la jioni la watu wazima kule Chang'ombe, na alikaanga vitumbua nje ya uzio wa shule. Kila Jumatatu kabla ya kengele tulikaa kwenye benchi lake: mimi, Bakari, na Didas wa karakana ya mbao. Mimi, muuza ndizi, nilikuwa mkubwa kuliko wote. Nilianza kujifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mbili, kwa kuwa nilitaka kukisoma kitabu cha sala mwenyewe. Mwaka huo huo nikanunua miwani, maana sikuuona ubao. Macho yangu huona kitu cha karibu tu. Kikienda mbali kuliko urefu wa mkono, ni ukungu.

Jumatatu ya kwanza Bakari alikuwa akimsifu yule ndugu mkubwa wa kwenye picha. "Alivyoinua panga kwa mkono wa kulia, mie nikajua huyu anaua."

"Wa kushoto," alisema Chausiku, macho yakiwa kwenye karai.

"Kulia, mke wangu."

"Nina macho, Bakari. Kushoto."

Didas akacheka. "Shemeji, kwani nyie mlikaa wapi?"

Ndipo tukaelewa. Kitambaa cha sinema kilifungwa kwenye nguzo mbili katikati ya uwanja. Wanaume tulijaa mbele. Wanawake, ambao hawakutaka kubanana nasi, walitandika mikeka nyuma. Mwanga ulipenya, nao wakaiona picha nzima, ila imegeuka kama kwenye kioo.

"Basi wake zetu wameona sinema ya mashoto watupu," alisema Bakari.

"Tumeona kuliko nyie," Chausiku akamjibu. "Hata yule mama wa sokoni tulimwona uso."

"Mama yupi?"

"Mwenye kapu kichwani. Anakuja, anakuja, halafu anasimama."

"Yule anakwenda zake," alisema Didas. "Tulimwona mgongo tu."

Mimi pia nilimwona mgongo. Kitambaa kinaweza kugeuza kulia kuwa kushoto, lakini hakiwezi kugeuza kisogo kuwa uso.

"Yukoje?" nikamuuliza Chausiku.

"Mwembamba, shingo ndefu. Ana kovu limeikata nyusi ya kushoto."

Kushoto kwao kulikuwa kulia. Mke wangu Yuliana alikuwa na kovu lililokata nyusi ya kulia. Aliangukia jembe alipokuwa mtoto. Nilimzika kwetu Bukoba miaka sita kabla, na mtu wa kipaza sauti wa lile gari alikuwa ametuambia kwamba picha ile ilipigwa Dodoma mwaka uliopita.

Sikuwaambia. Kengele ikalia, tukaingia darasani, na siku hiyo sikuandika neno.

Sikuwa na picha ya Yuliana hata moja. Nilimwombea kila jioni, lakini kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa nikifumba macho naiona nguo yake, naiona mikono yake, na mahali pa uso hapana kitu. Hilo lilinitesa kuliko siku ya mazishi. Niliona kama namzika mara ya pili, na safari hii ni mimi ninayemuua.

Wiki ile nilisali sana. Najua Maandiko yanakataza kuwatafuta wafu. Nilimwomba Mungu anizuie kama ni dhambi. Hakunizuia, au sikumsikia.

Jumamosi ya pili, baada ya magharibi, nilizunguka kitambaa nikaenda upande wa wanawake. Walinicheka. "Huyu mzee wa ndizi amepotea njia," alisema mmoja. Chausiku akanipa nafasi pembeni ya mkeka wake.

Soko likatokea. Wachuuzi, mbuzi, vumbi. Kisha kutoka mbali akaja mwanamke mwenye kapu, akapita katikati ya watu bila kumgusa yeyote. Akasimama. Aliangalia mstari wetu kuanzia mwanzo, mwanamke mmoja baada ya mwingine, polepole, kama mtu aliyeagizwa kumchukua mgonjwa asiyemjua. Alipofika kwangu niliacha kupumua. Macho yake yakatua juu yangu, kisha yakaenda kwa mwingine.

Alinipita. Alikuwa Yuliana, au nilitaka awe yeye; nilimwona kwa muda mfupi mno, na nilipofika nyumbani uso ulikuwa umeshafutika.

"Yule anatafuta mtu," Chausiku alisema Jumatatu.

"Ndiyo sinema hiyo," alisema Bakari. "Kila mtu huona anatazamwa yeye."

"Mie sikutazamwa. Nilipitwa, na nilishukuru."

Didas alimtania kwamba anaogopa kivuli cha taa. Mimi nilikuwa nasafisha miwani yangu kwa shati, na mkono ukasimama. Yuliana hakuwahi kuniona na miwani. Alipofariki nilikuwa sina. Angenijuaje? Lakini nikiivua, mimi ndiye nisingemwona.

Jumamosi ya tatu nilikaa mahali pale pale. Nilisali Baba Yetu. Soko lilipotokea nikavua miwani, nikaitia mfukoni, nikainua uso.

Mbele yangu palikuwa na mwanga mweupe uliochanganyika na vivuli. Nilisikia mashine ikinguruma na wanaume wakicheka upande ule. Muda ukapita. Nikadhani sehemu yake imekwisha, nikapeleka mkono mfukoni.

Ndipo katikati ya ukungu kitu kikaanza kukaza umbo. Kwanza shingo, kisha kidevu. Nikasikia harufu ya majani makavu ya migomba, ambayo tulikuwa tukitandika chini nyumbani. Uso ukawa wazi kabisa, mpaka vinyweleo vya nyusi nikaweza kuvihesabu, na kovu. Kovu lilikuwa kwenye nyusi ya kulia. Kulia halisi, si kwa kugeuzwa.

Akanitazama, naye hakunipita. Nilikumbuka kwamba macho yangu huona kitu cha karibu tu, nikafumba macho na kusali mpaka nikasikia mikeka ikikunjwa.

Jumatatu Bakari alisema picha imeanza kumchosha, bora walete nyingine. Chausiku aligeuza vitumbua vyote kwanza, ndipo akasema.

"Safari hii wameikata. Soko lilikuwepo, mbuzi walikuwepo. Yule mama hakuonekana."

"Hata mbele hakuwepo," alisema Didas. "Kapu nililiona. Lilikuwa chini, peke yake."

"Shemeji, wewe ulimwona?" Chausiku akaniuliza.

"Sikuwa na miwani," nikasema.

Sasa nikimwombea Yuliana uso wake ninao, na namshukuru Mungu. Ila nalala na miwani, asinijue.