Kitabu cha Wifi na Alama ya Pasi

Asubuhi hiyo Fundi Mdogo alikuwa anashona kola ya shati la mteja kwa mkono mmoja. Ule mwingine alikuwa ameulaza juu ya meza, mbali na sindano, kama kitambaa kisichokuwa cha kazi ya leo.

Aliitwa Fundi Mdogo kwa sababu mumewe, mwenye duka, aliitwa Fundi Mkubwa, japo kola zinazokaa shingoni bila kununa zilikuwa zake yeye. Mume alikata vitambaa na kupiga pasi. Pasi yenyewe ilikuwa na pengo nchani tangu ilipoanguka sakafuni, na pengo hilohilo lilikuwa sasa kwenye mkono wa kushoto wa mkewe, chini kidogo ya kiwiko, pamoja na umbo lote la pasi. Mume alisema mkewe ameungua na sufuria. Aliwaambia hivyo wateja, akawaambia majirani, hata mkewe mwenyewe akamwambia hivyohivyo.

Kikao cha familia kilikuwa Jumamosi. Fundi Mdogo alitaka jambo moja tu, arudi kwao na cherehani yake aliyokuja nayo siku ya ndoa. Wakwe walishatoa msimamo. Kama ni mume aliyemuunguza, ataondoka na cherehani. Kama ni sufuria, basi ameichoka ndoa tu, na anayechoka huondoka mikono mitupu. Siku ya kuungua walikuwa wawili tu dukani, kwa hiyo hakuwa na shahidi. Alikuwa na mkono.

Wifi yake alifika kabla kola haijaisha. Alikuwa dada mkubwa wa mume, na sebuleni kwake walikutana wanawake kusoma vitabu vya kuponya moyo. Alikuwa navyo kabati zima, na alijua kumpendekezea kila mtu chake: cha msiba, cha hasira, cha talaka, cha waliosahauliwa na watoto wao. Sharti lilikuwa moja, kisomwe kwa sauti, kwa sababu jeraha husikia, halijui kusoma. Na vilifanya kazi. Mjane wa mtaa wa nyuma alisoma cha msiba, na lile bonde la upande wa marehemu kwenye godoro likainuka. Muuza vyombo alisoma cha hasira, likaota tena jino alilolivunja kwa kuling'ata neno asiloweza kulisema. Hakuna aliyeshangaa. Walilalamika tu kwamba cha talaka kina maandishi madogo. Vitabu vyenyewe vilinenepa mwaka hadi mwaka, na zile karatasi nyeupe za mwisho hakuna aliyehangaika kuzifungua.

"Pole, wifi. Nimekuletea hiki cha kusamehe. Soma taratibu, usikikimbize."

"Nina kazi, wifi."

"Kazi gani na mkono huo? Hebu anza nikusikie."

Mkono ulikuwa unawaka moto, basi akaanza. Sura ya kwanza ilipoisha, maumivu yalikuwa yamekwenda na malengelenge yamelala. Fundi Mdogo alitokwa na machozi ya nafuu, akasema asante, na ilitoka moyoni. Jioni akajisomea mwenyewe sura ya pili, kwa tamaa ya kulala usingizi.

Asubuhi upande mpana wa ile alama haukuwepo. Ngozi ilikuwa safi kabisa. Ndipo akaelewa kwamba ushahidi wake unaondoka. Alimkimbilia shoga yake muuza vifungo, ambaye alimpiga picha kwa simu siku ileile ya kuungua. Shoga alifungua picha, akaitazama, akamgeuzia. Picha nayo ilikuwa inapona.

Fundi Mdogo akakifunga kitabu na kukirudisha kwa wifi. Wifi akarudi nacho, akavuta kiti dukani, akavaa miwani.

"Usijali, nitakusomea mimi. Wewe kazi yako kusikia."

"Soma, dada," alisema Fundi Mkubwa kutoka kwenye meza ya kukatia. "Mtu akiumwa lazima apone."

Fundi Mdogo akaweka mguu kwenye kanyagio, akaendesha cherehani kwa nguvu zote. Alishona kitambaa kisicho na mteja, akashona juu ya mshono, akashona mpaka meza ikatetemeka na mkasi ukaanguka. Wifi akapaza sauti. Yeye akaongeza mwendo. Walishindana hivyo mpaka jioni, na kesho yake tena, na hakuna kati yao aliyemtolea mwenzake neno baya. Lakini uzi wa bobini huisha, na kila alipobadilisha bobini, sentensi mbili tatu zilimfikia. Kila sentensi iliondoka na kipande. Ijumaa ilipokwisha, kilichobaki kilikuwa ncha ya pasi na pengo lake, ukubwa wa ukucha wa gumba. Alikifunga kwa kitambaa na akamwomba Mungu kitoshe.

Jumamosi walikaa sebuleni, nyuma ya duka. Baba mkubwa wa mume ndiye aliyeongoza. Upande wa Fundi Mdogo alikuja mjomba wake, ambaye alishaitoa cherehani na kuiweka mlangoni, tayari kubebwa.

"Haya, mwanangu, tuonyeshe huo mkono."

Akaanza kufungua kitambaa.

"Baba, samahani," alisema wifi. "Tungefungua kikao kwa maneno mazuri. Zimebaki aya chache tu."

"Naomba asisome," alisema Fundi Mdogo. "Baba, nakuomba."

"Maneno mazuri yanakuudhi, mwanangu?"

Cherehani ilikuwa mlangoni, mguu wake haukuifikia. Aliziba masikio, lakini jeraha lenyewe, chini ya kitambaa, lilikuwa linasikia vizuri tu. Wifi alisoma mpaka nukta ya mwisho. Kitambaa kikadondoka chenyewe. Mkono ulikuwa mzima.

"Amepona!" alisema wifi, na alifurahi kwa dhati, kwa maana hakuwahi kumtakia mtu kidonda.

Kisha wakasikia harufu ya karatasi inayoungua. Wifi akafungua ile karatasi nyeupe ya mwisho. Alama ilikuwa pale, ya kahawia, upande mpana, upande mwembamba, na pengo nchani. Kitabu kikapita mkono kwa mkono. Mjomba akainuka, akaenda dukani, akarudi na pasi, akaiweka juu ya ukurasa. Ilikaa sawasawa, pengo kwa pengo.

Fundi Mkubwa alitazama viatu vyake. Kwa muda huo Fundi Mdogo aliamini kwamba anakwenda nyumbani.

"Ni pasi," alisema baba mkubwa hatimaye.

"Ni pasi," walisema wote.

"Ni hii hii."

"Ni hii hii, baba."

"Basi kitabu hiki kina nguvu sana. Kimeitoa yote, hata pengo hakikuacha." Akakifunga. "Ila sisi tulikubaliana kuangalia mkono. Na mkono hauna kitu."

"Lakini ndugu yangu," alisema mjomba, "alama si hiyo hapo?"

"Iko kitabuni, mjomba. Kitabu hakijaolewa."

Wanaume wawili wakairudisha cherehani dukani. Mke wa mdogo wake Fundi Mkubwa akavuta mtandio ukafunika sikio lake la kulia lililovimba, akauliza kama kitabu kina mtu anayekingoja.

"Chukua, mdogo wangu," alisema wifi. "Anzia mwanzo, na iwe kwa sauti."

Mchana huo duka lilifunguliwa kama kawaida, maana mteja wa shati alikuwa njiani. Fundi Mkubwa akachomeka pasi ukutani, akasimama akisubiri ipate moto. Fundi Mdogo aliigeuza cherehani yake, miguu ya chuma ikikwaruza sakafu, ili akikaa mgongo wake uwe ukutani na macho yake kwenye pasi. Kisha akakaa, akapandisha mikono ya gauni, akamalizia kola.