Zipu ya Nyuma

Wifi yangu aliacha kugombana nami, na hapo ndipo nilipojua kuna balaa. Mwanawe wa kwanza hakuliona hilo. Yeye aliiona suruali.

Suruali yenyewe wifi alimshonea mwalimu jirani yetu. Alikuja dukani kuichukua, akaingia nyuma ya pazia kuijaribu. Alipotoka ameishikilia kiunoni, zipu ilikuwa imekaa makalioni. Nikamwambia ndiyo fasheni mpya, wenye haraka zao wanaipenda. Hakucheka. Mwana wa wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, naye hakucheka.

"Shangazi, mama anasahau," kijana akaniambia baada ya mwalimu kuondoka. "Namhamishia kwangu. Duka tulifunge."

"Angekuwa anasahau, angeanza na wewe."

Nilijibu hivyo, lakini niliogopa. Tangu kaka yangu, mumewe, afariki, tumebaki wawili nyumba moja na duka moja. Wifi anakata na kushona. Mimi naweka vifungo, napiga pasi na kuchokoza watu. Miaka yote tumeishi kama paka na panya. Nikimwambia pindo lake limekwenda upande, alikuwa ananirudishia maneno ya kunitosha wiki nzima. Siku hizi nikimchokoza ananitazama tu, kisha anainamia cherehani. Chakula anakidokoa. Nami nampenda yule mwanamke, Mungu anisamehe. Akihamishwa, nitabaki nikigombana na pasi.

"Kwanza hospitali," nikamwambia kijana. "Hata cherehani hakitupwi kabla hakijatiwa mafuta."

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Akampa wifi maneno matatu ayashike kichwani, wakazungumza mengine kidogo, halafu akayadai.

"Sijui," wifi akasema.

Nikamfinya paja.

"Sijui."

Leo ni siku gani? Hajui. Kijana akanitupia jicho la "si nilisema?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, hukumbuki, au huna hamu ya kujibu?"

Wifi akaitazama ile kalamu. "Nikijibu ndiyo iweje?"

"Na ile suruali aliyonieleza mwanao?" daktari akauliza.

"Vipande vya mbele alikuwa anavitia alama mume wangu, kwa chaki yake. Mimi ile chaki siigusi, nashona bila alama. Ni yake."

Nikapiga chafya ya uongo ili nipate kisingizio cha kufuta macho.

Daktari akamgeukia kijana. "Naona dalili za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mzee mwenye sonona anaweza kuonekana kama amepoteza kumbukumbu. Lakini msiidharau. Wazee wenye sonona wako katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa kusahau baadaye, na mara nyingine sonona yenyewe ndiyo dalili yake ya mwanzo. Tutamtibu, kisha tutampima tena. Kumtenga na kazi yake na watu wake hakutamsaidia."

"Umesikia?" nikamwambia kijana. "Watu wake ndio mimi. Mimi ni dawa, natumiwa kutwa mara tatu."

Daktari akatabasamu, akanitazama. "Na wewe, mama? Marehemu alikuwa kaka yako. Unalala vizuri?"

"Mimi? Usingizi wangu hata king'ora hakiuwezi."

"Mwongo," wifi akasema.

Sote tukageuka.

"Halali huyu, daktari. Anazunguka ndani mpaka alfajiri. Jumapili alilia jikoni akasingizia vitunguu, na kitunguu hatukuwa nacho hata kimoja. Chakula chake anammwagia paka wa jirani, anadhani simwoni. Anachokoza watu ili asiulizwe hali yake. Mpime na yeye."

Nilifungua mdomo nimkate kauli. Kilichokuja ni kilio, tena cha kelele, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Tangu mazishini sikuwa nimelia mbele ya mtu. Kaka yangu amekufa na roho inaniuma, na kwa mizaha yangu yote sijawahi kulisema hilo.

Kijana wa watu akachanganyikiwa, akawa anapapasa mifuko akitafuta kitambaa.

"Basi shangazi," akasema, "nawe utahamia kwangu. Nitawatunza wote wawili."

"Huyu?" Wifi akanikamata mkono, akaukaza hadi vidole vikaniuma. "Huyu haendi popote. Huyu anabaki na mimi."