Kiti cha Kijani cha Bi Angustias

Wageni wazee wanaokuja Sevilla peke yao mwezi wa Agosti ndio ninaowapenda kuliko wote. Hawaniamshi usiku, hawaniachii taulo sakafuni, na wakiambiwa jambo wanasikia. Isipokuwa Ingunn. Mama huyu wa Bergen, kule kaskazini kwenye baridi, umri sabini na kitu, mrefu kama mlango, alinipima subira tangu siku ya kwanza.

Nilimwambia kama ninavyowaambia wote wanaopanga chumba changu: toka asubuhi na mapema, tembea upande wa kivuli hata ikibidi kuzunguka, chupa ya maji isikae tupu, na ikifika saa nane mchana funga madirisha na luva zake ulale. Akanisikiliza kwa adabu. Halafu akafungua madirisha yote jua likiwa utosini, akatoka kwenda kuangalia daraja. Alirudi mwekundu kuliko nyanya nilizokuwa nasaga.

"Kwetu jua likitoka, unatoka nalo," akaniambia. Kihispania chetu alikisomea darasani, anakisema polepole na sawasawa.

"Kwenu jua ni mgeni, Ingunn. Hapa ndiye mwenye nyumba, na mwenyewe ana kisirani. Kaa unywe."

Nikampa supu baridi ya nyanya, akamaliza bakuli mbili. Ndipo akanieleza habari za mwanawe. Torstein alikuwa ameshamtafutia chumba katika nyumba ya kutunzia wazee, chenye kengele ya kuvuta ukutani. Mama mtu hataki hata kukisikia. Mwisho wakapatana: aende Sevilla peke yake, wiki mbili. Akirudi bila balaa lolote, anabaki nyumbani kwake. Likitokea la kutokea, amwambie mwanawe ukweli kwenye simu ya jioni ileile, na ahame.

"Si ungemdanganya tu?" nikamuuliza.

"Siwezi. Nilimlea asidanganye."

Nilimhurumia, kusema kweli, na kuanzia hapo naye akawa msikivu. Mkoba akauvaa mbele ya kifua. Kadi yenye anwani yangu haikumtoka mfukoni. Akichoka njiani, anaingia kanisani kukaa kwenye ubaridi. Akaacha hata kutafuta chakula cha usiku saa kumi na mbili jioni, wakati wapishi wetu bado wanapiga miayo ya usingizi wa mchana. Siku zikaenda vizuri mpaka nikaanza kujisifu kwa majirani.

Jambo moja sikumwambia, maana nani angefikiri kuna mtu asiyelijua. Mtaani kwetu jua likipungua tunatoa viti nje, tunakaa milangoni kupunga upepo na kusengenya. Kila kiti kina mahali pake. Cha Bi Angustias, cha rangi ya kijani, kilichosukwa nyasi, kinakaa kwenye kona inayopata upepo wa mto. Hukitoa mapema kushika nafasi, kisha anarudi ndani kukaanga samaki. Amekalia kona ile tangu mumewe yu hai. Hata mbwa wa mtaa huizunguka.

Jioni moja Ingunn akapanda ngazi anatabasamu, kiti kile begani.

"Virtudes, usihangaike tena kunitafutia kiti cha dirishani. Nimeokota hiki."

"Umeokota?"

"Kwetu mtu akichoka na kitu anakiweka nje ya nyumba, apitaye akichukue. Hiki kiliwekwa vizuri kabisa, na hakukuwa na mtu."

Kabla sijapata la kusema, sauti ya Bi Angustias ikapanda kutoka barabarani. Alikuwa anaita polisi, watakatifu na marehemu mumewe kwa pamoja. Ingunn hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wekundu wote ukamtoka usoni.

"Nimeiba," akasema. Na simu ikaanza kuita. Torstein.

"Usipokee," nikamwambia. "Turudishe kwanza, mengine tutajua."

Akashuka na kiti begani, simu inalia mfukoni. Mtaa mzima ulikuwa umesimama. Akakirudisha kiti kwenye kona yake, akakipangusa vumbi kwa leso, akaeleza kila kitu bila kujitetea.

Bi Angustias akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, na kwa urefu ule ilikuwa safari. "Kwenu watu wanatupa viti?"

"Ndiyo, bibi."

"Ndiyo maana mnazurura duniani. Hamna pa kukaa." Watu wakaangua kicheko. "Na hiyo simu, mbona hupokei?"

Akapokea. Sura ya Torstein ikatokea, na Ingunn, kwa ukaidi wake wa ukweli, akasema kwa lugha yao, kisha kwa yetu ili asitufiche: "Mwanangu, nimeiba kiti cha mtu." Torstein akajibu papo hapo. Ingunn akatutafsiria, sauti imemwishia. "Anasema anakuja kunichukua kesho."

Bi Angustias akamnyang'anya simu. "We kijana, kesi ni yangu na hukumu natoa mimi. Mama yako atakaa kwenye kiti hiki kila jioni mpaka siku zake ziishe. Ukija, njoo na kiti chako." Akamrudishia Ingunn simu. "Mtafsirie. Usipunguze neno."

Ingunn akatafsiri, kicheko na machozi vikigombana usoni. Torstein aliwaona wanawake wote wale na vipepeo vyao vya mkono, akamwona mama yake akikalishwa kwa nguvu na kupewa sahani ya samaki. Mwishowe akauliza kitu taratibu.

"Anasemaje?" Bi Angustias akadai.

"Habari ya kuja ameiacha. Anauliza kama kesho tutaongea tena."

"Mwambie mtaongea ukipata nafasi."

Ingunn alimaliza wiki zake. Siku ya kuondoka Bi Angustias akamfungia kiti kile kwa magazeti na kamba, asafiri nacho. Majuzi akatupigia simu, sote tukiwa nje. Yuko nyumbani kwake, chumba cha kengele amepewa mzee mwingine. Siku ya kwanza ya jua alitoa kiti mlangoni kama alivyozoea kwetu, akaingia ndani kuchukua kahawa, na aliporudi kilikuwa kimechukuliwa.

Bi Angustias alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kiti kingine na kopo la rangi ya kijani.

"Mwambie aje Agosti kukikalia," akasema, akaanza kupaka.