Kikohozi cha Kompyuta ya Baba

Siku ile mjinga alikuwa fundi mwenyewe, na hata leo ukimuuliza hakatai. Anacheka, kisha anageuka kutazama nyuma yake.

Ubishi kati yake na dada yake mkubwa ulihusu kompyuta ya mezani aliyoiacha marehemu baba yao. Ilikuwa sebuleni, pale dada huyo alipofungua kijiduka cha kuchapa barua na kutoa kopi, nayo ilikuwa imezeeka mpaka inatia huruma. Ukiiwasha, mteja angeweza kwenda kunyolewa, akarudi na kuikuta bado inafikiri.

"Mdogo wangu, tununue mpya," dada alisema. "Wateja wananikimbia."

"Mpya ya nini? Naiwekea diski ya kisasa na memori ya kutosha, itakimbia kama imeiba."

Mama yao, kwenye kiti chake kando ya meza, hakuwa na haja na mbio. Feni ya kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa wake: kila ikianza kuzunguka ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, ikamalizia na kikohozi kidogo, vilevile alivyokohoa baba kabla ya kuingia ndani. Kila mchana mama alikuja kukaa hapo, aisikie.

"Fanyeni mtakavyo," alisema, "ila hiyo sauti msiniondolee."

"Mama kaolewa tena, safari hii na mume wa bati," fundi akatania. Akaahidi.

Lakini mkono wa fundi hauwezi kuacha kitu kilicholegea. Alifungua kasha, akaweka diski, akaweka memori, akapuliza vumbi. Alipoigusa feni ikacheza, akaing'oa na kufunga mpya huku akipiga mluzi. Ahadi hakuikumbuka mpaka alipowasha, kompyuta ikaamka papo hapo, kimya kama maji ya mtungi.

Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza. Akasubiri. Kisha akaanza kujifunga mtandio wake taratibu, kama mgeni aliyeambiwa mwenyeji hayupo.

"Umefurahi?" dada alinong'ona. "Umemuua mara ya pili."

Fundi alinyoosha mkono kuichukua feni ya zamani iliyolala mezani, waya wake haujashikana na kitu. Hajaigusa bado, kikohozi kikasikika. Mara mbili. Kimya. Kisha kidogo.

Feni haikutikisika. Sauti ilitoka mlangoni, na mlango ulikuwa wazi, jua limejaa kizingitini, hapana mtu.

Mteja aliyekaa karibu na mlango akisubiri kopi zake alivuta miguu, kama anayempisha mtu. "Shikamoo, mzee," akasema, macho yake hayajatoka kwenye simu.

Dada alishika ukingo wa meza. "Itoe. Kompyuta, feni, kila kitu. Leo hii tunanunua mpya."

"Nitoe nini, dada? Si umesikia mwenyewe kwamba hakuwa humo ndani?"

"Basi tuhame."

"Tumwachie nani nyumba?"

"Wewe unafanya utani, mimi natetemeka!"

Walipogeuka, mama alikuwa ameshakaa tena. Mtandio ulikuwa umerudi mabegani, na alikuwa akivuta kiti cha pili karibu na chake.

"Mama, wewe huogopi?" dada aliuliza.

"Ningekuwa wa kukiogopa kikohozi hicho," mama alijibu, akipangusa kile kiti, "nyinyi wawili mngetoka wapi?"